Nilivyopanda Nyandira na Visu Vinne

Nilikichoma kisu cha mama. Nasema mapema, tena mwenyewe, kwa sababu pale mtaani kwetu habari hii imeshatembea na kutiwa chumvi mpaka kuna mtoto aliniuliza kama ni kweli nilichoma soko zima. Si kweli. Nilichoma kisu kimoja tu. Bahati mbaya, hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinatulisha.

Mama yangu anakata mboga sokoni hapa Morogoro. Ukinunua kabichi kwake anaishika mkono wa kushoto, anaipitishia kisu, na kabla hujamaliza kutafuta simu uliyoiweka mfukoni, kabichi imeshakuwa nyuzi. Wateja wanamwita Mama Nyuzi. Kisu chake alitengenezewa na kaka yake, Mjomba Tadei, mhunzi wa Nyandira, kule juu Mgeta. Mteja akiuliza, "Mama, hiki kisu umekitoa wapi?" mama hujibu bila kupepesa macho: "Chuma cha Mjerumani hiki. Cha reli ya zamani." Hilo nililijua tangu utotoni kama ninavyojua jina langu la ubatizo, ambalo ni Fideli.

Sasa, Jumatano ile mpini ulikuwa unacheza. Nilishamwona mjomba akitia mpini: anauchoma ule mkia wa kisu mpaka uwe mwekundu, anausukuma ndani ya mti, mti unalia na kutoa moshi, basi, umeshika. Mwalimu wa kemia alishatufundisha kitu kuhusu vyuma na joto, ila siku hiyo nilikuwa namchora mwalimu mwenyewe. Nikang'oa mpini, nikakitia kisu kwenye jiko la mkaa. Kosa langu ni kwamba nilikitia kizima, ncha mbele, kama muhogo. Akapita rafiki yangu, tukaanza kubishana kuhusu mpira. Niliporudi, kisu kilikuwa chekundu kama pilipili. Nikakilaza kwenye majivu kipoe taratibu, kisha nikagongea mpini wake, nikijiona fundi wa mafundi.

Jioni mama alikipitisha kwenye kabichi ya kwanza. Makali yalijikunja kama sikio la mbwa.

"Fideli, umekifanya nini hiki?"

"Nimekitengeneza, mama."

Hakunipiga wala hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa tu kwenye kigoda akikitazama. "Jumapili nina Komunyo," alisema.

Watoto wa parokia yetu walikuwa wanapokea Komunyo ya Kwanza, na jumuiya yetu ndiyo iliyopewa kupika. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa amekabidhiwa kabichi na kachumbari yote. Kuna mama mwingine alishajitokeza na mashine yake ya kukwangua, akaambiwa asubiri, Mama Nyuzi atatosha. Mama angeaibika Jumapili, mashine ingekula harusi, kipaimara na misiba yote iliyobaki. Niliyajua hayo vizuri kabisa. Ndiyo maana nilisema, mdomo ukiwa umetangulia akili: "Nitakwenda Nyandira. Kitarudi kinakata."

Alhamisi asubuhi, dukani. Mama alinituma kwanza kwa baba mdogo Kasto, mdogo wake marehemu baba, mwenye duka la vyombo. Alisema nimwombe kisu cha akiba, kwa sababu ahadi zangu anazijua. Baba mdogo alikikunja kisu cha mama kwa vidole viwili, kikakunjika. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Nimemwambia shemeji miaka yote. Hiki ni kipande cha bati kilichobatizwa kisu. Dogo, kisu kinatoka kwa watu wenye viwanda. Njoo nikuoneshe dunia."

Akanionesha dunia, na dunia yenyewe ilikuwa kwenye kabati la kioo. Chini kabisa alikuwapo Mchina: stenlesi nyembamba, mpini wa plastiki nyeusi, bei yake sawa na sahani ya chipsi mayai. Juu yake Mbrazili, kisu cha wauza nyama, chuma kizito kidogo na mpini mweupe wa plastiki wenye vijinundu ili usiteleze, bei ya kuku wa kienyeji mwenye afya. Juu kabisa, amefungiwa kwa kufuli, Mjerumani: mnene mgongoni, mwembamba makalini, mpini mweusi mgumu ulioshikwa kwa misumari mitatu inayong'aa. Bei yake, mbuzi. Na si mbuzi wa kukonda. Kulikuwa na Mjapani pia, ila huyo baba mdogo alimtaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa, akasema hata yeye hamgusi. Akidondoka anapasuka, na bei yake ni mbuzi pamoja na mtoto wake.

"Na cha mama nacho ni Mjerumani," nikamwambia. "Chuma cha reli."

"Mjerumani wa kukunjika?"

"Amechomwa. Hata wewe ukichomwa utakunjika, baba mdogo."

Wateja wakacheka, safari hii upande wangu. Basi akakasirika, akaingia kwenye mtego ambao hata mimi sikujua kama nimeutega: akatoa Mchina, Mbrazili na Mjerumani, akavifunga kwenye gazeti. Nivipeleke vyote Nyandira, nivijaribu mbele ya huyo mjomba. Jumapili yeye mwenyewe atakuja jikoni kuangalia. Kisu cha mlimani kikishindwa, mama atakata kwa kisu cha dukani na kila mteja ataambiwa kimetoka kwa Kasto, na mimi nitasafisha duka kila Jumamosi mpaka nimalize kidato cha nne. Niko cha tatu.

"Sawa," nikasema. Mtu mwenye busara angechukua kisu cha akiba akaenda nyumbani.

Alhamisi mchana, njiani. Nilipanda fuso linalopeleka matenga matupu Nyandira na kurudi na kabichi. Dereva anaitwa Chogo. Mama hununua mzigo kwake, hivyo alinipa kiti cha mbele bure kwa sharti kwamba nisinyamaze, maana akikosa maongezi anasinzia. Hilo kwangu si sharti, ni zawadi.

Tulipopita Mzumbe, wanafunzi wa chuo walikuwa wanavuka barabara na kompyuta zao mgongoni. Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha ushuru wa mazao. Mgambo aliona mfuko wangu unachomoza vitu, akaufungua.

"Dogo. Visu vinne. Unakwenda vitani?"

"Shikamoo, afande. Nakwenda kwa mjomba."

"Marahaba. Mjomba amekukosea nini?"

Chogo alicheka mpaka akapiga honi bila kukusudia. Nilimweleza mgambo yote, kabichi, Komunyo, Mjerumani wa reli. Alikitoa kile cha dukani kilichokuwa kikifungiwa kufuli, akajaribu makali kwenye ukucha, akapiga mluzi. Kisha akakishika cha mama kilichojikunja, akanirudishia haraka kama mtu aliyeshika panya. "Pole sana," aliniambia. Sikutaka pole yake. Nilimwambia arudi kuniuliza Jumamosi.

Baada ya Mlali gari linaanza kupanda, na barabara inaanza kufanya mambo yake. Kulia ukuta wa mlima, kushoto hakuna kitu. Kadiri unavyopanda ndivyo joto la Morogoro linavyobaki nyuma, na masikio yanaziba. Matuta ya kabichi, karoti na njegere yamekatwa mlimani kama ngazi, mengine yamesimama kiasi kwamba nilimwuliza Chogo kama watu hufungwa kamba wakilima. "Wao hawaanguki," alisema. "Wanaoanguka ni wageni wanaouliza maswali."

Nyandira, jioni. Tulifika ukungu ukishuka na mimi nikiwa na fulana ya mjini yenye mikono mifupi. Mjomba Tadei alikuwa mlangoni pa karakana yake, mtu mwenye tumbo, sauti kama kengele ya kanisa, na maoni juu ya kila kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekuja na baridi mwilini na nguo hujaja nazo?" Akaniambia kitu kingine kwa Kiluguru, nikajibu kwa Kiswahili, akawageukia majirani: "Mnaona? Mtoto wa dada yangu, wa ukoo wetu kabisa, anajibu kama tangazo la redio."

Nikamtolea kisu. Kicheko kikakoma. Alikikunja, akakinyoosha, akakinusa. Naapa, alikinusa.

"Nani amekichoma?"

"Mimi."

"Ukakiacha kipoe chenyewe?"

"Kwenye majivu."

"Ulitaka kukiua, ukakiua sawasawa. Hata mimi nikitaka chuma kiwe laini nifanye ninavyotaka, nafanya hivyo hivyo." Akakiweka mezani. "Mimi sikitengenezi."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Alisema kazi yake alishaimaliza zamani, akampa dada yake kisu kizima. Aliyekiua ndiye atakayekifufua, yeye atakaa kwenye kigoda atukane. Nikamwambia sawa, tena nitakitengeneza vizuri kuliko yeye. Hapo alifurahi. Akamwita shangazi, mke wake, anipe togwa na sweta.

Ijumaa asubuhi, kwenye matenga ya kabichi. Kabla ya moto nilitaka kuwajua wapinzani wangu. Pale fuso linapopakiwa, wanawake huondoa majani ya nje ya kabichi kabla ya kupanga. Niliwaomba shangazi na wenzake watumie visu vya baba mdogo.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma. Mjerumani alikata kama anasoma mawazo ya kabichi. Mbrazili naye hakuwa na aibu, na mpini wake mweupe ndio uliopendwa zaidi, kwa sababu mikono iliyolowa maji ya kabichi haikuteleza. Mchina alianza vizuri kuliko nilivyotaka, wepesi wake unapendeza, ila kabla ya tenga kujaa alikuwa anasaga badala ya kukata, na plastiki ile laini ilizunguka kiganjani kama samaki.

"Noeni basi," nikasema.

Wakanoa kwenye jiwe la mtoni, lile wanalotumia siku zote. Mchina alirudi mara moja, makali mafupi ya kupotea tena. Mbrazili akarudi. Mjerumani akagoma. Chuma chake ni kigumu, kinataka jiwe lake maalumu, na jiwe hilo lilibaki kwenye kabati la kioo, nalo lina bei yake.

"Huyu ni bwana harusi," shangazi alisema akimrudisha kwenye gazeti. "Siku ya kwanza anang'aa. Siku ya pili anataka mkwe amletee sabuni."

Nikaanza kuchangamka. Kumbe hakuna nchi inayoshinda kila mahali.

Ijumaa mchana, kwenye moto. Mjomba alinikalisha kwenye mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayopuliza moto, nikapuliza mpaka mabega yakawa ya mtu mwingine. Kisu kikaanza kubadilika, kahawia, kisha chekundu cha damu. Nilikuwa nimesogeza ndoo ya maji baridi karibu.

"Hiyo ndoo ya nini?"

"Ya kuzimia chuma. Kwenye video wanazima kwenye maji."

"Mpigie simu huyo wa kwenye video aje akutengenezee."

Nilibisha. Kubisha ndiyo kazi yangu, hata ripoti ya shule inasema hivyo. Mjomba hakubishana, alitupa motoni kipande chakavu, kikawa chekundu, akanipa koleo. "Zima." Nikakitumbukiza kwenye maji. Kikalia *ting*, kama kikombe cha udongo, na ufa ukapita katikati. Nikaisogeza ndoo mbali, taratibu, bila kusema kitu, na mjomba aliupokea ukimya wangu kama mtu anayepokea mahari.

Kisu cha mama tulikizima kwenye oili chafu ya gari. Kabla sijakizima alinikataza mara tatu: bado, bado, bado. Nilitamani kumrushia koleo. Kisha akasema "sasa," nikakizamisha, moshi ukapanda, na tupa ya kunolea ilipopita juu yake iliteleza kama juu ya kioo. Kigumu! Nikaruka. Akanivuta chini kwa sweta. Kigumu hivyo, alisema, kikianguka kinakatika. Lazima kipunguzwe hasira. Nikakisugua upande mmoja mpaka kikang'aa, nikakiweka juu ya moto mdogo na kuutazama ule mng'ao. Rangi ikaja polepole toka mgongoni, njano kama majani makavu, ikitembea kuelekea makalini. "Toa!" Nikatoa.

Nilikuwa na jasho, masizi na furaha ya kijinga. Nikasema, "Sasa baba mdogo atajua Mjerumani wa kweli ni nani. Mchina wake akapigie kelele huko."

Mjomba aliweka koleo chini. Akainama chini ya gogo lenye fuawe, lile chuma anapopondea vyuma, akavuta ubao mrefu wa chuma wenye kutu, springi ya lori, umekatwa upande mmoja. Akafuta kutu kwa kidole gumba. Kulikuwa na alama zimegongwa. Hazikuwa herufi zetu. Zilikuwa vijumba vidogo vyenye mistari, kama vile vilivyo kwenye maboksi ya dukani kwa baba mdogo.

"Kisu cha mama yako nilikikata hapa," alisema. "Lori la Mchina. Lilitumbukia korongoni mama yako akiwa msichana, likaliwa na wenyeji mpaka likabaki jina."

"Na reli?"

"Reli gani? Huku umeona reli?"

"Mama anasema..."

"Basi kamwulize mama yako."

Alinipa nichague mti wa mpini. Alikuwa na mpingo alioletewa kutoka Mikese, mweusi, mzito, haunywi maji, mzuri wa kutia wivu. Siku hizi wachongaji wanaugombea na bei yake imepanda. Kulikuwa na mninga mwekundu, ambao ukiulaza kwenye beseni la maji unapasuka. Na kulikuwa na tawi la mpera la nyuma ya nyumba, bure kabisa. Mkono wangu wenyewe ulikwenda kwenye mpingo. Nilitaka kushinda kwa kitu fulani angalau. Mjomba alisema tu, "Mkono wa mama yako ni mdogo, na atakata siku nzima." Nikachukua mpera. Nikauchoma kwa mkia wa kisu, mkia tu safari hii, na mti ukalia.

Jumamosi, kurudi. Fuso lilishuka limejaa kabichi, nami sikuwa na maongezi. Chogo akaanza kusinzia, ikabidi nimwambie. Alicheka. Nilimwambia asicheke.

Nilikuwa na hasira, na nilitumia kona zote mpaka Mlali kutafuta ni hasira ya nani. Siku mbili nilikuwa natembea nikimtukana Mchina, kumbe chuma cha Mchina huyohuyo ndicho kinachotulisha. Baba mdogo anadharau kisu kwa sababu kimetoka mlimani. Mimi nilikitetea kwa sababu kimetoka Ujerumani. Tofauti yetu ilikuwa kabati la kioo tu. Chuma kile kile cha Mchina nilikitia kwenye jiko kikawa karatasi, mjomba akanifundisha subira ya dakika chache kikawa wembe. Mimi ndiye niliyepuliza mivukuto, mabega yangu ni shahidi. Basi nikaamua. Sitasema uongo kwa ajili ya kisu kinachojua kukata chenyewe.

Kwenye kizuizi cha ushuru yule mgambo aliniita. Nikamkatia jani la kabichi hewani. Alipiga mluzi uleule.

Jumapili, jikoni kwa parokia. Mama alikipokea kisu mbele ya sufuria, akaupima mpini, akautazama ule mng'ao wa njano. Akashika kabichi, na nyuzi zikaanza kumwagika. Wanawake wa jumuiya wakapiga vigelegele. Yule mama wa mashine alikuwa amekuja nayo, imefunikwa kwa kanga, ikabaki imefunikwa.

Baba mdogo alifika baada ya misa, suti, kiatu, na jiwe maalumu la kunolea mfukoni. Mjerumani wake alinolewa, mama akapewa, akakata nusu kabichi. "Kizuri," alisema kwa haki, akamrudishia, akaendelea na chake. Baba mdogo aliangalia rundo moja, akaangalia la pili. Hayakuwa na tofauti, na Mjerumani wake anauzwa bei ya mbuzi.

Alikohoa. "Basi shemeji, nakubali. Mjerumani kakutana na Mjerumani mwenzake."

Watu wakacheka, mambo yakawa yamekwisha. Sikuwa nadaiwa kusafisha duka. Ningenyamaza tu, ningekula pilau kwa amani. Lakini nilikuwa nimeshaamua pale Mlali.

"Siyo Mjerumani," nikasema kwa sauti. "Ni springi ya lori la Mchina. Nimeiona alama yake. Kisu kilichokushinda, baba mdogo, ni chuma cha Mchina kilichopigwa na Mluguru, na mpini wake ni mpera."

Wateja wa mama wa miaka yote walikuwa wamesimama pale na karoti mikononi, wakimtazama. Mimi nilitazama chini. Mama aliweka kisu juu ya kibao, akafuta mikono kwenye kanga, na alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Mjerumani nilimtunga mimi, siku yangu ya kwanza sokoni, mteja mmoja alipokicheka kisu changu. Nikamwambia cha Mjerumani, akanunua, na kesho yake akaleta wenzake. Hiyo springi niliitoa korongoni mwenyewe, nikaibeba kichwani mpaka kwa kaka Tadei, na mvua inanyesha. Anayetaka kujua ni ya wapi, ni ya shingo yangu. Na wewe Fideli, unayejua kusema ukweli mbele ya watu, kachukue kile cha plastiki nyeusi, cha Mchina, cha baba yako mdogo, kabichi zile pale. Na kisipokata, usikichome."